KIJUMBA KIMOJA, KISU KIMOJA



Leo siandiki juu ya Mtihani wa Serikali, hata kama sisi wafinalisti hatulali vizuri juu yake. Ninaandika juu ya kisu. Najua wengine watacheka: «Kapita amekosa neno la kusema?» Hapana. Asome mpaka mwisho, ataona neno hili linatugusa sisi wote, na zaidi sisi tunaokaa katika vijumba.

Mnajua vile shule yetu iko. Wale ambao wazazi wao wanaweza kulipa interna wanalala katika nyumba kubwa na wanakula chakula cha mpishi. Sisi wengine, ambao tunatoka mbali na mfuko wa baba hautoshi, tunakaa katika vile vijumba vya miti na udongo nyuma ya kiwanja cha mpira. Tunakuja na unga, viazi, mihogo, maharagi na chupa ya mawese, na tunajipikia wenyewe. Vijumba viko 9, na kila kijumba kina watu watano ao sita.

Katika mkutano wa wakapita wa mwezi uliopita, Direkta wa nidhamu alituuliza swali moja: visu viendelee kukaa katika vijumba, ao vikatazwe vyote? Alitupa muda mpaka mwisho wa mwezi huu kutoa mawazo. Nimeona ni vema nitoe yangu hapa, mbele ya watu wote, kuliko kuyasema katika ofisi tu.

Juu ya nini swali hili lilikuja? Tuseme kweli. Mwaka wa masomo uliopita, jioni moja ya mvua, wawili wa kijumba kimoja waligombana juu ya sufuria ya maharagi iliyoungua. Majina hayana faida. Maneno yalipanda, yakapanda tena. Ndipo mmoja akaingiza mkono mfukoni na kuuacha mule. Hakutoa kitu. Lakini sisi wote tuliokuwa pale tulijua ndani ya ule mfuko kuna nini. Kila mtu alinyamaza, tukasikia mvua tu juu ya bati. Mwenzake akarudi nyuma, sufuria ikamwagika, na neno likaishia pale. Leo hao wawili wanakaa benchi moja na wanasoma kaye moja. Lakini mimi nilikuwepo, na mpaka leo ninajiuliza: kama ule mkono ungetoka?

Basi, mbele ya kuandika, nilichukua kaye yangu na kupita kijumba kwa kijumba. Sikuenda kunyang’anya. Nilienda kuhesabu na kuangalia. Nilikuta visu 23. Kuna vya meza, vya kukunja, vya jikoni vilivyopoteza mpini na kufungwa kamba ya mpira, hata mapanga mawili chini ya vitanda. Kisha nikaomba kila kisu kikate kabichi mbele ya macho yangu. Visu vinne tu vilikata. Vile vingine viliiponda kabichi kama vile inatwangwa katika kinu.

Hii inaeleza kitu tunachokiona kila Jumamosi saa sita. Wadogo wa vijumba vyote wanakimbia kwa kijumba cha mwisho, kile cha karibu na mikaratusi: «Yaya, utuazime kisu, yetu inakataa kukata!» Tunafanana na Waisraeli katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, ambao walikosa mhunzi kwao na kila mtu alipaswa kushuka kwa Wafilisti kunoa jembe lake. Lakini wao walikosa mhunzi. Sisi tuna visu 23, na tunaazima kimoja.

Kwa hiyo wazo langu la kwanza ni hili: shida yetu si kwamba tuna visu. Shida ni kwamba tuna visu vingi ambavyo havifanyi kazi ya kisu. Kisu kisichokata muhogo, na bado mtu anakibeba mfukoni kila siku, anakibebea nini? Kila mtu ajijibu mwenyewe.

Sasa kuna wenzetu wanaosema: «Vikatazwe vyote, tupate amani.» Ninaheshimu wazo lao, maana linatoka katika woga wa kweli. Lakini ukikataza kisu, njaa haikatazwi. Muhogo lazima umenywe, na wengine kati yetu wanaleta ule muhogo mchungu. Mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha kwamba mna sumu ya sianidi ndani yake, na ni lazima kuumenya, kuuloweka siku kadhaa na kuukausha mbele ya kuula. Sasa tumenye na nini? Nitawaambia na nini, kwa sababu nimeona. Tutamenya na kifuniko cha kopo ya sardini, ao na wembe. Nilimkuta mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza anakata nyama na nusu ya wembe, ameushika kati ya vidole viwili, na damu ya kidole chake inaingia katika damu ya nyama. Wembe ule ule ulikuwa umekata kucha za watu watatu. Kuna magonjwa yanayopita katika damu, sote tumeyasoma. Kukataza kisu hakutaondoa vitu vikali katika vijumba. Kutaondoa vile vyenye mpini, na vile visivyo na mpini vitabaki.

Tena kuna neno la haki, na ninalisema kwa adabu. Amri ya kukataza visu haitamgusa yule anayekula chakula cha mpishi. Itamgusa yule tu anayejipikia, ndiye yule ambaye mzazi wake hakuweza kulipa. Nasadiki wakubwa wetu hawataki amri inayowaangukia maskini peke yao.

Na wengine wanasema: «Tuacheni, sisi si watoto, kila mtu abebe kisu chake.» Hawa nawajibu na ile jioni ya mvua. Inatosha.

Mimi ninashauri njia ya katikati: kijumba kimoja, kisu kimoja. Kisikae mfukoni, wala katika sanduku, wala chini ya godoro. Kikae ukutani, juu ya msumari, karibu na mbabula, mahali ambapo kila anayeingia anakiona. Kisu cha mfukoni kina mwenyewe mmoja, na hakuna anayejua kiko wapi. Kisu cha ukutani ni cha kijumba. Usiku kikikosekana, watu watano wanaona msumari mtupu na wanauliza. Hapo ndipo ulinzi wetu uko. Hauko katika kufuli ya ofisi.

Wazee wanasema: mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama. Ni kweli pale kila mtu anapojikatia. Lakini sisi nyama yetu inaingia sufuria moja. Basi kisu kikali nacho kiwe cha sufuria, kisiwe cha mtu.

Sasa, kama ni kimoja, kiwe kisu gani? Hapa watu wanakosea sana, wanachagua kwa macho. Sisi tuchague kwa kazi. Niliandika kazi zote za kisu katika kijumba chetu tangu Jumatatu mpaka Jumapili. Ni hizi: kumenya muhogo na viazi, kukata kabichi, poro na vitunguu, kufungua samaki wa chumvi, kukata kipande cha sabuni, kukata kamba, kupasua vijiti vyembamba vya kuwashia moto, kuchonga kreyo, na kugawanya mkate Jumapili. Kuku ni siku ya sikukuu tu. Katika kazi hizi zote hakuna hata moja inayotaka chuma kirefu kuliko mkono.

Kwa hiyo panga si kisu cha nyumba. Ni chombo cha shamba, na cha kufyeka majani siku ya salongo. Mahali pake ni depo ya shule, na sisi wakapita tunaliomba siku ya kazi na kulirudisha jioni. Yale mapanga mawili ya chini ya kitanda nimekwisha kuyapeleka pale, na wenyewe walikubali bila maneno.

Kisu cha kukunja nacho kina sifa yake. Vile vya Opinel vya Ufaransa vinatengenezwa tangu mwaka wa 1890, na mwaka wa 1955 walikiongezea pete ya chuma inayofunga kisu kisijikunje kazini. Vile vinavyoitwa Okapi vilianza Solingen katika Ujerumani mwaka wa 1902, vikitengenezwa juu ya kuuzwa huku Afrika, na siku hizi vinatoka Afrika ya Kusini. Jina wamelitoa kwa nyama wa msitu wetu wa Ituri, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimwandika mara ya kwanza mwaka wa 1901. Mkulima ao mchungaji wa ng’ombe anayetembea siku nzima, kisu cha kukunja kinamfaa. Lakini sisi hatutembei nacho, tunapika nacho. Uji wa muhogo unaingia katika kiungo chake, unakauka mule, unanuka, na kutu inaanza pale ambapo jicho halifiki. Na vingi vya soko havina pete wala kitu cha kuvifunga.

Hapa nina deni la kusema ukweli. Mwaka wa nne nilinunua kisu cha kukunja kisicho na jina, chenye mpini mwekundu. Nilikipenda sana. Siku moja nilikuwa napasua kijiti, kikajikunja juu ya kidole changu cha shahada. Alama iko hapa, anayetaka aje aone. Nilimwambia mama kwamba nilianguka mpirani. Kilichonishangaza ni kwamba hata kisha kuumia, sikukitupa. Niliendelea kukiweka mfukoni. Mwaka huu, siku nilipopita kuhesabu visu vya wengine, chenyewe kilikuwa mfukoni mwangu, na sikukiandika katika kaye. Kwa hiyo visu havikuwa 23, vilikuwa 24. Usiku ule sikuweza kusoma. Asubuhi nilikipeleka kwa Direkta wa nidhamu na kumwambia yote. Hakunigombeza. Aliniambia tu: «Sasa unaweza kuandika.» Njo maana ninaandika.

Basi kisu ninachokishauri ni kile kisichokunjwa, chenye ubao wa chuma wa sentimeta 10 mpaka 12, mpini wa mti, na ncha isiyo kali sana, maana hakuna kazi hata moja kati ya zile nilizoandika inayotaka ncha ya kuchoma. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho na kishikwe na misumari miwili ao mitatu iliyogongwa pande zote. Chuma kikiingia nusu tu, siku moja mpini utabaki mkononi na kisu kitaruka.

Kinunuliwe wapi? Wengi wanakimbilia vile vinavyong’aa kama kioo, vya inoksi. Inoksi si kitu kibaya. Ni chuma kilichochanganywa na kromu, angalau karibu 10.5 kwa mia, na Mwingereza Harry Brearley alikitengeneza huko Sheffield mwaka wa 1913. Hakipati kutu upesi, na kuna visu vizuri sana vya inoksi. Lakini vile vya bei ya chini vinavyofika kwa soko letu ni vyembamba na laini. Vinakata juma moja, halafu vinageuka vijiko.

Mimi ninasema twende kwa wahunzi. Wako pale mwisho wa soko, wanafua visu kutoka resori za motokari zilizokufa. Dereva anazitupa, lakini mwanafunzi wa kemi asizidharau. Chuma cha resori mara nyingi kina kaboni karibu 0.6 kwa mia, na hiyo inatosha kwa kukipa ugumu. Mhunzi anakipasha moto mpaka kinakuwa chekundu, anakizamisha katika mafuta ili kigumuke, kisha anakipasha tena kidogo kisivunjike kama kioo. Kisu hiki kitapata kutu kama ukikiacha majini, ni kweli. Lakini kinanoleka kwa urahisi juu ya jiwe, na hiyo ndiyo sisi tunaitaka.

Mbele ya kulipa, fanyeni hivi. Muombe mhunzi tupa, mpitishe kidogo karibu na makali. Tupa ikiteleza, chuma kimegumuka. Ikikila kama mti, ni chuma laini, rudisheni. Angalieni kisu kutoka ncha mpaka mpini kama mtu anayelenga bunduki, muone kama kimenyooka. Shikeni mpini na mkono wa maji. Ukiteleza dukani, utateleza na jikoni.

Kisha kununua ni kutunza. Kisu kinaoshwa na kupanguswa mara moja, hakilali ndani ya sufuria. Kikigeuka cheusi kidogo juu ya vitunguu na ndimu, msiogope, weusi ule si kutu. Kutu ni nyekundu, inasuguliwa na majivu na kupakwa mafuta kidogo. Kwa kunoa, chukueni jiwe laini la mtoni na maji. Kama upana wa kisu ni sentimeta 2, inueni mgongo wake milimeta 7 juu ya jiwe. Ni karibu unene wa biki. Wekeni biki chini ya mgongo mara moja mpime kwa macho, kisha toeni biki na kunoa pande mbili sawasawa. Mhubiri, sura ya 10 na mstari wa 10, alikwisha kutuonya kwamba chuma butu kinamchosha mtu bure. Nami naongeza: kinamkata pia, kwa sababu anayekata na kisu butu anasukuma na nguvu zote, na kisu kikiteleza kinaenda kwa mkono wa pili.

Nilionyesha mawazo haya kwa wenzangu mbele ya kuyaleta kwa mhariri. Dada mmoja, mkubwa wa kijumba cha wasichana, akaniambia: «Kapita, unasema kisu cha wote, lakini kumenya ni kwa nani? Kila siku ni kwa mdogo wa kijumba. Kisu kimoja kitakuwa cha mkubwa, na muhogo utakuwa wa mdogo.» Nilinyamaza, kwa sababu katika kijumba chetu pia ni hivyo. Dada, umesema kweli, na nimekusikia. Kwa hiyo karibu na msumari kuwe na karatasi ya zamu, na jina la mkubwa liandikwe la kwanza.

Mwalimu mmoja naye aliniuliza: «Na mtu mwenye hasira, hawezi kukitoa ukutani?» Anaweza, Mwalimu. Sitadanganya kwamba msumari unazuia hasira. Lakini kutoka sufuriani mpaka ukutani kuna hatua tatu, na watu watano wako njiani. Kutoka mkononi mpaka mfukoni hakuna hata hatua moja.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba kwa Mheshimiwa Prefe, kwa Direkta wa nidhamu na kwa ninyi wenzangu:

1. Kila kijumba kiwe na kisu kimoja tu, kinunuliwe na mchango wa wote, na namba ya kijumba ichomwe katika mpini.

2. Kikae juu ya msumari karibu na mbabula. Mkubwa wa kijumba akiangalie kila usiku mbele ya kuzima taa.

3. Visu vya mfukoni vipelekwe kwa ofisi bila malipizi mpaka mwisho wa mwezi, na kila mtu arudishiwe chake siku ya kwenda likizo.

4. Wembe usitumiwe tena jikoni hata kidogo.

5. Jumamosi moja kwa mwezi, wafinalisti tuwafundishe wadogo kunoa. Mimi nitaanza, na nitaleta jiwe.

Ndugu zangu, mwisho wa mwaka mimi nitaondoka hapa kama Mungu akipenda na kama Mtihani wa Serikali ukinihurumia. Kidole changu kitaondoka na alama yake. Sitaki mwingine aondoke na alama kubwa kuliko hii, wala aitie kwa mwenzake. Kijumba chetu kimekwisha kununua kisu chake Jumatano iliyopita. Kiko juu ya msumari, namba 4. Jioni ile tulikata kabichi yote bila kuiponda, na wa kwanza kumenya viazi alikuwa kapita wenu.

Anayepinga, aandike katika gazeti lijalo. Nitamsoma kwa heshima.



Kapita wa wanafunzi,
finalisti, Biolojia na Kemi